Mkanda wa saa: ngozi au nailoni?

Kwa joto na unyevu wa Mtwara, mkanda wa ngozi unataka kudekezwa. Ijumaa ukivaa na kanzu unapendeza, sikatai, na kadiri unavyovaliwa ndivyo unavyolainika na kushika umbo la mkono. Lakini jasho halina adabu. Wangu ulianza kutoa harufu upande wa ndani, halafu ukapasuka pale penye tundu ninalofungia kila siku. Chumvi ya ufukweni Shangani ikamalizia.

Nailoni haina makeke hayo. Jioni unaufua kwa sabuni, unauanika, asubuhi umekauka. Ninaoupenda mimi ni ule utepe mrefu unaopita nyuma ya saa chini ya pini zote mbili, vile vijiti vinavyoshika mkanda kwenye saa, ambao Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliuwekea viwango mwaka 1973. Pini moja ikikatika, saa inaning'inia kwenye nyingine. Kwa ngozi ya vipande viwili, pini ikichomoka saa iko chini. Ubaya wa ule utepe wa nailoni ni kwamba unainyanyua saa kidogo mkononi.

Wowote utakaochukua, pima kwanza kwa rula nafasi mkanda unapoingia. Nyingi ni milimita 18, 20 au 22. Nailoni unapitisha tu. Ngozi ndiyo yenye kazi: tandika kitambaa, bonyeza pini kwa ncha nyembamba, na uizibe kwa kidole, maana ina springi ndani. Ikiruka utaitafuta mpaka kesho.

Mimi ngozi nimeiachia harusi.