TAHADHARI: Hiyo "strima ya Hi-Res" ya Kariakoo ni boksi la Bluetooth lenye kipande cha chuma ndani

Wakuu, salaam. Nimekaa wiki nzima bila kuandika ili nihakikishe kila ninachokisema hapa. Kuna muuzaji anatangaza mitandaoni kifaa anachokiita "strima ya Hi-Res", yaani boksi la kucheza muziki wa intaneti kwa ubora unaozidi CD, na anadai duka lake liko Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili. Amenichukulia shilingi 385,000. Jina la ukurasa wake haliwezi kuwasaidia, maana tangu nimlipe ameshalibadilisha mara mbili. Mtamjua kwa bidhaa yake na kwa maneno yake.

Marehemu mzee wangu aliniachia amplifaya na spika mbili kubwa za mbao. Jumapili mchana zilikuwa zinapiga Msondo na Sikinde hadi jirani anaombwa radhi. Deki ya kaseti ilishakufa zamani, ila amplifaya nzima, spika nzima. Nikataka nisikilize muziki wa intaneti kwenye mashine ile kwa ubora wa CD, siyo kuunganisha simu kwa Bluetooth halafu magitaa yasikike kama yamefunikwa blanketi. Ndipo nikakutana na tangazo lake.

Maneno yake ni haya: boksi "linavuta muziki lenyewe kutoka intaneti", linacheza "biti 24, kilohezi 192" (vipimo vya ubora wa sauti), na ukinunua unapewa "akaunti ya maisha" ya muziki, hulipi tena. Akanitumia video, kioo kinawaka 192. Boksi lina stika ya dhahabu ya Hi-Res na nyuma lina tundu la waya wa ruta. Nilipouliza risiti akasema bei hiyo ni bila risiti, ya risiti inapanda. Hapo ndipo ningesimama. Nikalipa, jina lililotokea kwenye simu likawa la mtu binafsi, akanieleza ni "dada wa mauzo". Bodaboda akaleta mzigo Tabata jioni ileile.

Siku tatu nilifurahi. Siku ya nne mama mkwe akapiga simu, muziki ukakata papo hapo na mlio wa simu ukatokea kwenye spika za mzee. Nikaduwaa. Kifaa kinachovuta muziki chenyewe kutoka kwenye ruta hakina habari na simu yako. Simu inakuwa rimoti tu, hata ukiizima wimbo unaendelea. Hili langu lilikuwa linapokea sauti kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, basi.

Nikampelekea fundi wa redio, akafungua mbele yangu. Ndani kuna kibao kidogo cha Bluetooth, upana wa vidole viwili. Tundu la ruta limegundishwa tu kwenye ganda, halina waya hata mmoja. Kipande cha chuma kimebandikwa chini ili boksi liwe zito mkononi. Ile 192 kwenye kioo inawaka hata boksi likiwa kimya. DAC ya kweli, yaani kifaa kinachogeuza namba za muziki kuwa umeme unaoingia kwenye amplifaya, ikiwa na kioo cha namna hiyo namba hubadilika kufuata wimbo: 44.1, 48, 96, 192.

Stika nayo isiwadanganye. Nembo ya Hi-Res inasimamiwa na Japan Audio Society ya Japani na mtengenezaji huitumia kwa kibali, lakini karatasi ya dhahabu inachapishwa popote.

Kuhusu hesabu, kwa sababu ndiyo aliyonichezea: CD ni biti 16 kwa kilohezi 44.1, sawa na kilobiti 1,411 kwa sekunde. Bluetooth ya kawaida haifiki robo ya hapo, na hata LDAC, aina ya Bluetooth iliyo bora kuliko ya kawaida, inaishia 990. Kwa hiyo mtu akikuambia 192 halisi inapita kwenye Bluetooth, huyo ama hajui au anakuibia. Huyu wangu anajua.

"Akaunti ya maisha" ilidumu siku 19. Ilikuwa nafasi ndani ya mpango wa familia wa mtu mwingine, mwenye mpango akanitoa. Hakuna huduma kubwa ya muziki ninayoijua inayouza akaunti ya maisha kwa bei ya kitoweo.

Nilienda Aggrey. Ghorofa ya pili ya jengo alilonitajia wanauza mitandio. Dada mmoja pale akaniangalia kwa huruma, akasema mimi ni wa nne mwezi ule kuulizia redio. Nilipompigia muuzaji akapokea, akasikia sauti yangu, akakata. Tangu hapo nimefungiwa.

Anayetaka kuanza leo hahitaji laki nne. Apple Music inatoa muziki usiopunguzwa ubora (lossless) tangu Juni 2021 bila kuongeza ada, ila lazima uingie kwenye mpangilio wa simu uuwashe, na utoe sauti kwa waya. Adapta ndogo ya simu yenye tundu la hedifoni, kisha waya wa kwenda kwenye matundu mekundu na meupe ya amplifaya, nyuma kwenye AUX au CD. Usichomeke kwenye PHONO, ile ni ya santuri, sauti itakoroma. Adapta ya Apple inafika biti 24 kwa kilohezi 48, na kwa spika za mzee wangu hiyo inatosha kabisa. Nimeisikia besi ambayo nilikuwa nimeisahau tangu utotoni. Angalieni bando tu: saa moja ya ubora wa CD inaweza kula megabaiti 300 hadi 400, na ya kilohezi 192 inapita gigabaiti moja kwa urahisi.

Ukitaka strima kamili, nunua dukani, iwashwe mbele yako, iunganishwe na Wi-Fi, wimbo uanze, halafu uzime simu. Ukikatika, rudisha. Na udai risiti ya EFD, uihakiki TRA kabla hujatoka mlangoni.

Namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi wamenipa RB. Afisa ameniambia shauri linakuwa na uzito tukilalamika wengi. Boksi ninalo bado, mfuniko uko wazi. Aliyeuziwa kama hili aniandikie pembeni, nimtumie picha za ndani alinganishe na lake, twende kituoni pamoja.