Kulipia serikali kwa kontroo namba: nyota 4, ya tano imekwama kwenye makato

Nianze na nyota kabisa, nne kati ya tano, halafu nieleze kwa nini maana najua wapo watakaosema napendelea. Naongelea huduma ya kulipia serikali kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo unayopewa na ofisi unayotaka kuilipa, huu mfumo wa serikali wa kupokea malipo kielektroniki, GePG, ulioanza 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Kila ikitoka ripoti ya kupanga nchi kwa maendeleo ya TEHAMA watu wanashika vichwa kwamba Bongo tupo mkiani, na ni kweli tupo mkiani, lakini hiki kitu nakitumia mara kwa mara na sijaona ripoti hizo zikikihesabu.

Mnakumbuka zamani ilivyokuwa? Kila taasisi na akaunti yake kwenye benki yake, unadamka asubuhi unapanga foleni, unajaza karatasi ya kuweka hela, inapigwa mhuri, unairudisha ofisini ndio uandikiwe risiti, ukiipoteza njiani ndio basi tena, na getini vishoka wanakusubiri wanakwambia nipe mimi nikupeleke haraka. Sasa hivi unapewa tarakimu 12 zinazoanza na 99 na unalipa ukiwa popote, kwa simu, kwa wakala, benki, utakavyo.

Shangazi yangu yupo Kondoa, juzi alikuwa analipia kodi ya pango la ardhi. Simu yake ni kitochi cha vitufe, haina intaneti na mambo ya bando hayamhusu. Nikampigia nikamsomea ile namba tatu tatu, yeye anaandika nyuma ya daftari la mjukuu wake na kila akimaliza tatu ananirudishia nihakikishe, tukakata simu, akabonyeza nyota 150 nyota 00 reli, akaingia malipo ya serikali, akaweka namba, kiasi, namba ya siri. Chai yangu haijapoa akapiga, "Mwanangu, meseji imerudi, wanasema nimelipa." Aisee nilifurahi kama nimelipiwa mimi.

Sasa turudi kwenye hizo ripoti. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ndio wenye ile faharasa inayotajwa sana, yaani kipimo cha kupanga nchi kwa TEHAMA, na toleo la 2017 lilipanga nchi 176, Iceland wa kwanza, Korea Kusini wa pili, Uswisi wa tatu. Toleo hilo liliangalia laini za simu, kaya zenye kompyuta, kaya zenye intaneti, ukubwa wa njia ya intaneti ya kimataifa kwa kila mtumiaji, mpaka miaka ambayo watu wamekaa shule. Hela ya simu haikuwemo. Kwa hiyo shangazi kwenye hesabu yao ni laini moja basi, yaani ameachwa nyuma, wakati mwenzenu kamalizana na serikali akiwa kibarazani kwake. Na sisemi faharasa inadanganya, hapana, huwezi kujifunza kuandika programu kwa kitochi na mtoto wa Kondoa anahitaji kompyuta na intaneti ya maana kama mtoto wa Seoul, hapo tumeachwa mbali na inauma. Ila ukitaka kujua teknolojia imemfikia nani, uliza pia nani analipa bila kupanda basi kwenda mjini.

Kuna kingine tunachotakiwa kujivunia, hela kuvuka mitandao. Tigo, Airtel na Zantel walianza kutumiana moja kwa moja 2014, Vodacom wakaingia 2016, wakati Kenya, wenye M-Pesa toka 2007 na ambao wote tunawaangalia kama kaka zetu kwenye haya mambo, Safaricom na Airtel wao walikuja kuunganishwa 2018.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya makato. Hapa ndio pa kujilinganisha na wakubwa kwelikweli. India wana mfumo wa malipo wa UPI toka 2016, Brazil wana wa kwao, Pix, ambayo benki kuu yao iliizindua Novemba 2020, na kote huko mtu wa kawaida anamtumia mwenzake hela bila kukatwa hata senti. Sisi tuliona Julai 2021 inakuja tozo ya miamala, mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, watu wakalalamika nchi nzima, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo na baadae ikaendelea kushushwa, ila makato ya kampuni za simu zenyewe bado yapo. Benki Kuu imeshajenga TIPS, mfumo wa kuunganisha benki na mitandao ya simu papo kwa papo, kwa hiyo mabomba yapo tayari, kilichobaki ni mtu anayetuma elfu tano kwa mama yake asikatwe. Kwa mwenye kipato kidogo hilo kato ni nauli ya daladala, jamani.

Na ule ugonjwa wa "mfumo upo chini". Mei 2021 LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, iligoma siku kadhaa, watu wakakaa giza na hela wanazo mkononi, na mpaka leo kuna ofisi hapa mjini nimewahi kukaa kwenye benchi toka asubuhi kusubiri tu watengeneze kontroo namba, saa nane mchana naambiwa njoo kesho. Kulipa ni dakika moja, kupewa namba ya kulipia ndio siku nzima. Hilo halihitaji mkongo mpya wa baharini, linahitaji hizo ofisi ziruhusu mtu atengeneze namba mwenyewe kwa simu, na hata kwenye kitochi iwezekane.

Kwa anayekwenda kulipa leo: angalia namba na kiasi kabla ya kuweka siri, na meseji ya malipo usiifute mpaka upate ulichokilipia, maana ukifika dirishani cha kwanza wanaomba hiyo.