Geuza Kiatu Utazame Soli: Raba za Kuendeshea BMX

Haya, inarekodi? Taa nyekundu inawaka. Safi. Habari zenu wadau, karibuni tena, na wakubwa zangu shikamooni. Leo nina hasira kidogo, mtanivumilia.

Mnaiona pea hii? Nimeivaa wiki sita. Boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni viatu vya baiskeli. Jina la kampuni nimeliziba kwa selotepu, msihangaike kulisoma. Ni vizuri jamani, nakiri. Rangi imetulia, ulimi mnene, gidamu zinang'aa. Kila niliyekutana naye uwanjani aliniuliza nimevitoa wapi. Na ndani ya hizo wiki sita vimenitoa damu kwenye ugoko mara nne. Mara nne! Sasa angalia raba zangu kuukuu hizi hapa, zimechanika kidoleni, zinanuka kiasi kwamba nyumbani hawataki zivuke kizingiti. Miaka miwili zimenichubua mara moja tu, na siku ile kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo leo sisemi habari za rangi. Sitaji uzito, sijui vitundu vya hewa viko vingapi; hayo yote yako kwenye boksi na kusoma unajua. Leo tunageuza kiatu, tunatazama chini.

Ngoja nisogeze kamera. Hapo. Nimeibana pedali kwenye jiliwa, mnaiona vizuri? Hii ni pedali bapa ya chuma. Kwa wageni: kwenye BMX, hizi baiskeli ndogo za michezo, ile ya kuruka na kuchezea, hatujifungi miguu kwenye pedali. Mguu umewekwa juu tu, na unashikwa na vitu viwili, uzito wako mwenyewe na hizi pini. Vimisumari hivi. Cha tatu hakuna. Halafu fikiria tunachokifanya pale juu. Mtu akipiga banihopu, mikono inavuta usukani, gurudumu la mbele linanyanyuka, kisha vidole vya miguu vinaelekea chini na nyayo zinakwangua pedali kwenda nyuma ili gurudumu la nyuma nalo lifuate. Baiskeli nzima inapanda kwa kukwanguliwa na nyayo. Soli isiposhika sekunde ile, wewe unakwenda juu, baiskeli inabaki, na pedali inazunguka inakuja kukusalimia kwenye mfupa. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hawakuwahi kupanda BMX.

Sasa angalia. Natia mkono ndani ya hiki kipya, nakilaza juu ya pedali, nasukuma nyuma. Sikiliza.

Mmesikia ule mkwaruzo? Narudia. Huo. Chini hapa wameweka makucha makubwa na mifereji mirefu, kama tairi la trekta. Ukikiona dukani unasema hiki kitashika hata ukutani. Kumbe pini inatumbukia kwenye mfereji, haina cha kuuma, inateleza humo humo hadi igonge kucha linalofuata. Mguu umeshacheza karibu sentimita nzima kabla haujasimama. Kwenye matope, ukitembea, makucha hayo ni mazuri sana. Juu ya pedali hayana kazi.

Na ubaya wa pili huu hapa, nauchukia zaidi. Tazama katikati ya soli, chini ya upinde wa unyayo. Wamepainua. Nikikilaza kwenye pedali kinagusa mbele, kinagusa nyuma, katikati pako wazi. Nina kalamu hapa. Naipitisha... imepita. Kalamu imepita kati ya kiatu na pedali! Hapo ndipo pedali inapokaa unapotua, halafu ndipo mtu aliyechora kiatu hiki alipoamua kuweka hewa.

Haya, sasa zee langu. Soli yake bapa, haina mwinuko, na chini kuna vishimo vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Nailaza. Pini zinaingia kwenye vishimo, na kila pini imezungukwa na raba pande zote. Nasukuma. Meza inatikisika, jiliwa linatikisika, kiatu hakiendi. Nakinyonga kushoto, kulia, nakivuta... aah! Pini imeng'oka. Na nyingine. Zimedondoka huko chini ya meza. Sikuzikaza vizuri, kosa langu, nitazitafuta baadaye. Lakini si mmeona? Ukiivuta hii, pini ndiyo inayosalimu amri.

Na la kuchekesha, soli ya namna hii haikubuniwa kwa ajili ya baiskeli. Vans walianza mwaka 1966 kule Anaheim, California, wakiuza viatu vya kawaida vya soli nene yenye vishimo. Watoto wa skeitibodi wakagundua kwamba inashika ubao, na BMX ilipozaliwa California hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wa baiskeli nao wakaipenda. Hawajanilipa, na leo hata sijavaa zao. Ninachosema ni kwamba kiatu cha skeitibodi, cha kampuni yoyote unayoiamini, mara nyingi kitakufaa kuliko kiatu kilichochorwa baiskeli ubavuni.

Mtu atasema, mbona kuna viatu vya baiskeli vya kweli? Vipo. Five Ten, kwa mfano, walianza na viatu vya kupanda miamba, mpira wa soli zao unaitwa Stealth, unanata balaa, na mwaka 2011 wakanunuliwa na adidas. Waendesha baiskeli za milimani wanaviapia, na wana haki. Kule mtu anashuka mlima wenye mawe, anataka mguu usiondoke kabisa. Sisi tunataka mguu uondoke! Kwenye teilwipu unaipiga teke fremu izunguke chini yako, miguu yote miwili iko hewani, halafu unazidaka pedali popote zilipo. Ukitua vibaya kidogo lazima uweze kuusogeza mguu haraka, uuweke sawa. Soli inayonata kupita kiasi inakuganda palepale ulipotua, na ukitua kwa ncha ya kidole utabaki kwa ncha ya kidole. Najua kuna vijana wanaruka nazo vizuri tu, miguu yao imeshazoea. Mimi hapana.

Na wale wa mbio za BMX, zile zilizoingia Olimpiki ya Beijing 2008, wakubwa wao wengi wanajifunga kwenye pedali kwa viatu vyenye soli ngumu kama ubao. Huo ni mchezo mwingine na miguu mingine. Mimi naongelea fristaili, hii yetu ya kuruka na kuchezea, ile iliyoingia Tokyo, kwenye michezo iliyoitwa ya 2020 ikachezwa 2021.

Kabla sijasahau, kipaza sauti ni kipya. Wiki iliyopita mlilalamika kwamba nasikika kama niko ndani ya pipa. Nimesikia, nimebadilisha. Kama mnanisikia vizuri, bonyezeni kile kikengele, jiungeni na chaneli, maana kipaza sauti hiki kimekula hela ya matairi.

Turudi kwenye unene. Hapa nitajipinga mwenyewe, mnivumilie tena.

Hizi kuukuu soli yake ni ya kuokwa. Wanachukua kiatu, wanakizungushia utepe wa raba, wanakiingiza kwenye tanuri, joto linaunganisha vyote. Teknolojia ya raba kupikwa na salfa ni ya tangu 1839, ya Charles Goodyear, na mpaka leo hatujaiacha. Matokeo yake ni soli nyembamba inayokunjika. Naikunja kwa mkono mmoja, ona. Ukisimama kwenye pedali unaihisi, unajua bila kutazama kama uko katikati au pembeni. Mimi ningeapa kwamba hii ndiyo raba pekee ya BMX.

Ningeapa hivyo hadi niliporuka ngazi mwezi uliopita, nikaona hali imechafuka hewani, nikaitupa baiskeli, nikatua kwa miguu. Kisigino cha kulia. Siku tisa nimetembea kwa vidole kama mwizi. Soli nyembamba inakuhisisha pedali, na inakuhisisha saruji pia.

Ndiyo maana kuna aina ya pili, soli ya bakuli. Inafinyangwa peke yake, nene, yenye kingo, kiatu kinatumbukizwa ndani, kinagundishwa na kushonwa. Inabeba sponji zaidi, haikunjiki haraka, na kisigino kinashukuru. Mwanzoni utaona kama umevaa tofali. Wiki mbili tatu inalainika. Kama wewe ni mzito, au michezo yako ni ya ngazi na vyuma vya mtaani, nadhani... hee, sikutegemea kusema hili leo, nadhani chukua ya bakuli. Mradi chini iwe bapa. Au chukua nyembamba, uiwekee soli ya ndani nzuri. Mimi ndivyo nilivyofanya baada ya kile kisigino, na sijarudi nyuma.

Pedali za plastiki je? Pini zake ni za plastiki hiyo hiyo, butu, haziumi sana soli wala ugoko. Anayeanza naomba aanzie hapo. Ila kwa kuwa pedali yenyewe haiumi, kazi yote inabaki kwa soli, na vile vishimo ndipo vinapohitajika zaidi. Video ijayo ni ya pedali tupu, nimeshazikusanya sita.

Kitambaa cha juu, haraka haraka: swedi, ile ngozi laini, si kanvasi. Kanvasi itachanika kidoleni mapema. Imeisha hiyo.

Wanaoendesha bila breki, wale wa kusimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi la nyuma kwa mguu, mnakula soli mahali pamoja kila siku. Geuzeni kiatu cha mguu huo kila mara mtazame. Nimeona kijana ana tundu, soksi inachungulia, na bado anabishana nami kwamba kiatu ni kipya.

Gidamu. Upande wa cheni, ile kamba inayoning'inia ni mtego. Ikinaswa kati ya cheni na gia, mguu wako unazungushwa nayo hadi kitu kimoja kikatike, na omba iwe kamba. Ichomeke ndani, au ifunge upande wa nje. Na kifundo cha mguu upande wa ndani ndicho kinachogongwa na fremu. Shingo ndefu inasaidia kuzuia mikwaruzo hapo, lakini isikudanganye kwamba itakuzuia kuteguka.

Kuna mama mmoja aliniuliza kama amnunulie mtoto saizi mbili zaidi, maana anakua. Mama yangu, hapana. Mguu ukicheza ndani ya kiatu, hata soli ya dhahabu haitasaidia. Kiatu kimeshika pedali, mtoto ameteleza ndani ya kiatu. Aende na soksi zile zile anazovaa akiendesha, na ajaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo.

Na dukani usijaribu kwa kutembea tembea mbele ya kioo. Tafuta kidaraja, kizingiti, ngazi, chochote chenye ukingo. Simama pembeni, ukingo uwe katikati ya unyayo, visigino vining'inie, chuchumaa kidogo. Kama unauhisi ukingo uko wapi, na mguu haukunjiki kama chapati, umefika. Ukihisi sponji tu, kama umekanyaga godoro, irudishe. Raba za kukimbilia zote zitafeli hapo: zimejaa povu, kisigino kimeinuliwa, chini zimekatwakatwa. Ni nzuri, lakini za kukimbilia.

Bei? Pea hii yenye selotepu iligharimu mara mbili ya zile kuukuu nilipozinunua zikiwa mpya. Mara mbili, kwa kalamu kupita katikati! Bado sijaamua niifanye nini. Kutembelea ni nzuri, nakiri tena. Labda niende nazo harusini.

Haya, kamera inaniambia betri imebaki kidogo. Tuonane kwenye pedali. Mimi nachukua tochi niingie chini ya meza, pini mbili ziko huko na niko pekupeku.