Sola ya kulipia kila siku: uzoefu wa nyumba mbili Nyakach

Tangu Januari 2022 nyumba yetu hapa Nyakach ya chini, Kaunti ya Kisumu, inaangazwa na sola tuliyochukua kwa mkopo wa kulipia kila siku. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko boma hilihili, alichukua mtambo kama wetu mwezi uliofuata. Kwetu umetufaa kuliko kitu chochote tulichowahi kununua kwa mkopo. Kwake ulileta miezi minane ya mwanga, kisha mwaka mzima wa wasiwasi. Wakala ni yuleyule na paneli ni ileile, ndiyo maana naandika habari za nyumba zote mbili. Ningeeleza yangu peke yake ningempotosha mtu.

Wasiojua kwetu huuliza mbona hatuna stima. Tena Nyakach ndiko kuliko mtambo wa Sondu Miriu wa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, unaozalisha megawati 60 kwa maji ya mto wetu. Nyaya kubwa tunaziona kila siku zikipita juu ya mashamba, lakini zile ni za kusafirisha umeme mwingi kwenda mbali. Ili ufike nyumbani kwako lazima kuwe na transfoma karibu. Mpango wa serikali wa kuunganisha umeme ulioanza 2015 ulishusha gharama kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na majirani wengi wa barabarani walinufaika. Ulilenga walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Sisi tuko mbele ya hapo.

Kwa hiyo tulikuwa watu wa koroboi. Hii taa ya mkebe na utambi, ambayo Wajaluo huiita nyangile, nimeisomea mimi na wanangu wawili wa kwanza wameisomea. Asubuhi mtoto akipenga kamasi inatoka nyeusi. Kijana wangu wa pili ana kovu mkononi lililotokana na koroboi iliyoanguka mezani akiwa darasa la pili. Sitaki kuirudia tena taa hiyo, na hilo ndilo lililotufanya tumsikilize wakala alipokuja.

Tulichopata ni paneli ya wati 20, betri ya lithiamu iliyo ndani ya kisanduku chenye vitufe vya namba, balbu nne zenye nyaya na swichi zake, tochi, redio na nyaya za kuchajia simu. Unatuma pesa kwa M-Pesa, ujumbe unarudi na namba ndefu, unaiingiza kwenye kisanduku, taa zinafunguka kwa siku ulizolipia.

Mwanga wenyewe naupa alama zote. Balbu moja sebuleni inatosha watoto wanne kuzunguka meza na kila mmoja akaona daftari lake. Jua likiwa zuri, taa mbili hudumu hadi tunapolala na ya nje inawaka hadi alfajiri. Fundi aliyekuja kufunga aliweka paneli upande wa bati ulio karibu na mwembe, na kwa wiki mbili tulidhani tumeuziwa kitu kibovu. Kumbe kivuli kikifunika hata kona moja ya paneli, nguvu inapungua kwa kiasi kikubwa. Mume wangu alipanda akaihamisha, shida ikaisha. Akaiinamisha kidogo ili mvua ioshe vumbi, maana huku karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini na paneli haihitaji kuinuliwa sana. Mvua za masika zinapokuwa nyingi, mwezi wa nne hivi, tunawasha balbu moja tu kwa mwanga hafifu, tena redio tunaizima mapema. Ukijua hivyo huwezi kukwama.

Kilichoharibika ni swichi moja, mwezi wa nane. Waranti ilikuwa ya miaka miwili na walinibadilishia bila maneno, ila ilinilazimu kwenda mwenyewe hadi Kisumu mjini, nauli shilingi 400 kwenda na kurudi, na siku nzima ya biashara ikapotea. Kampuni inayokuja hadi mlangoni kuuza ingeweza pia kuja hadi mlangoni kurekebisha.

Sasa hesabu, kwa sababu hapo ndipo penye jambo. Dipoziti ilikuwa shilingi 2,500, kisha shilingi 50 kwa siku, siku 400. Jumla 22,500. Siku ile tulipotia sahihi nilimuuliza wakala bei ya kununua taslimu, akaniambia 15,500. Mkopo basi ulikuwa unatugharimu elfu saba. Nilinyamaza kidogo. Lakini nilikuwa nimeandika matumizi yetu ya wiki: mafuta ya taa shilingi 30 kila usiku, yaani 210, na kuchaji simu mbili dukani mara tatu kwa wiki, shilingi 20 kila simu, yaani 120. Jumla 330 kwa wiki. Sola ingekuwa 350. Tofauti ni shilingi ishirini tu, na baada ya siku 400 tungeacha kulipa kabisa. Mume wangu ni wa bodaboda, pesa yake huingia kila jioni, na hamsini ilikuwa ikitoka kabla hajafika nyumbani. Tulimaliza mwezi wa tatu 2023, kwa kuchelewa siku chache tu. Mwaka huohuo mafuta ya taa yakapita shilingi 200 kwa lita, na sisi hatukuwa tukinunua hata tone. Nilishukuru Mungu waziwazi.

Mama mkwe alipoona taa zetu alizitaka, na sisi ndio tuliomshauri achukue. Hapo tulikosea, kwa sababu tulimpigia hesabu ya nyumba yetu.

Mama ni mjane, anaishi na wajukuu wawili. Mafuta ya shilingi kumi yalimtosha usiku mmoja na mara nyingine mawili. Simu yake aliileta kwetu kuchajiwa. Kwake hamsini kwa siku ilikuwa mara tano ya alichokuwa akitumia, hata zaidi. Tena pesa yake haiingii kila siku. Inaingia akivuna mtama na mahindi, akiuza mbuzi, au mwanawe aliyeko Nairobi akimtumia kitu mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe aliliona kabla yetu. Jioni moja aliniambia, "Nyar Kano," huniita hivyo kwa kuwa nimezaliwa Kano, "mimi saa mbili nimelala. Hizi taa nne zinamwangazia nani?"

Alijitahidi. Alilipa siku 210, kwa kurukaruka, hadi mwisho wa Oktoba 2022. Kisha mahindi yakamwangusha na mjukuu mdogo akaugua, na pesa zote zikaenda hospitalini. Kisanduku kikajifunga. Yule mjukuu mkubwa alikuwa darasa la nane, na mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulikuwa mwishoni mwa Novemba. Jua linapiga bati mchana kutwa, betri imejaa pomoni, na mtoto anakuja kwetu na vitabu kwapani kwa sababu taa ya dani, yaani nyanya yake, imekataa kuwaka. Wiki tatu alisomea mezani kwetu. Nilikuwa nikimsindikiza saa nne usiku nikiwa na tochi, hatua zisizofika mia, na moyo ulikuwa ukiniuma kila nikiona lile dirisha jeusi.

Miezi miwili baadaye walikuja vijana wawili wa kampuni, watu wa heshima kabisa, wakasema wasipolipwa wataubeba mtambo. Alikuwa amekwisha kulipa dipoziti 2,500 na 10,500 juu yake. Elfu kumi na tatu, kwa kitu cha taslimu elfu kumi na tano na mia tano. Mume wangu alichukua deni hilo na kulimaliza pole pole hadi Desemba 2023.

Nimefikiria sana juu ya kule kufunga taa. Naelewa kwa nini kupo. Mama hana hati ya shamba kwa jina lake wala karatasi ya mshahara, hakuna benki ingemkopesha hata elfu tano. Kisanduku kinachoweza kufungwa kutoka mbali ndicho kilichomfanya mgeni akubali kumwachia mali ya maelfu kwa ahadi tu. Na kampuni hizi nazo hukopa, nyingi kwa dola, huku sisi tunalipa kwa shilingi. Shilingi ilipoporomoka hadi karibu 160 kwa dola mapema 2024, mtu alipaswa kubeba hasara hiyo, na mara nyingi hubebwa na bei. Ushuru nao unasukuma. Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, ukarudishwa na ile ya 2021. Mwaka mmoja wa ushuru si kitu kidogo kwa anayehesabu hamsini hamsini.

Ila najua pia kwamba kuna njia nyingine, kwa kuwa dada yangu ameolewa Bungoma. Huko One Acre Fund, walioanza hukohuko mwaka 2006 kwa kuwakopesha wakulima mbegu na mbolea, hukopesha pia taa za sola pamoja na pembejeo. Mkulima hulipa kiasi chochote, wakati wowote, mradi deni liishe kabla ya tarehe ya mwisho ya msimu. Dada yangu amewahi kulipa mia tano wiki moja na kukaa wiki sita bila kulipa kitu, na taa ikaendelea kuwaka. Huo ndio mkopo ambao mama angeuweza. Taa ingekuwa ileile.

Kuna pia pesa za umma. Mradi wa KOSAP, wa kupeleka sola kusikofika nyaya za umeme, uliopata dola milioni 150 za Benki ya Dunia mwaka 2017, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, kama Turkana, Wajir na Pokot Magharibi. Nyanza hatumo, na sina kinyongo, maana wale wanaishi mbali na nyaya kuliko sisi. Lakini ndani ya kaunti inayoonekana kuwa na stima kuna maboma kama yetu, na ndani ya boma kuna nyumba kama ya mama. Anayepanga ruzuku akihesabu kwa kaunti, mama haonekani.

Kwa hiyo tuliamua kuanza wenyewe. Chama chetu ni cha wanawake 15, mimi ndiye mweka hazina. Tulichagua taa ndogo ya kushika mkononi, ile yenye paneli yake ndogo na pahali pa kuchajia simu, shilingi 1,200 taslimu. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa mia, inakuwa 1,500. Mwanachama mmoja anapata taa, na 300 zinaingia kwenye mfuko wa matengenezo. Wiki kumi na tano, nyumba kumi na tano. Tulianza na wenye watoto wa mitihani, kisha wakongwe, kisha sisi wengine. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa kuwa nilikuwa na mwanga tayari, na yangu nilimpa jirani asiye kwenye chama. Wiki mbili kuna waliokosa mia yao. Wenzao waliwatolea, wakarudisha baadaye, na hakuna taa hata moja iliyozimwa kwa sababu hiyo. Mfuko ulifika 4,500, na mpaka sasa tumetoa 900 kubadilisha betri moja na kununua waya uliotafunwa na panya.

Taa hiyo ndogo haiwezi kuangaza nyumba nzima, na redio haina. Inaangaza meza moja vizuri kwa saa sita hivi. Jambo la kuangalia ni kwamba isiwe zile za bei ya kutupa zisizo na waranti. Kabla ya hapo mwenzetu mmoja aliwahi kununua moja sokoni kwa 350, ikafa mwezi wa tatu, akarudi kwenye koroboi akiamini sola ni uongo. Omba karatasi ya waranti, uliza kama betri inabadilishwa, na uiwashe hapohapo usiku mmoja kabla chama hakijalipia nyingine.

Ukiwa na pesa inayoingia kila siku, hata kidogo, na unatumia mafuta ya taa na kuchaji simu nje, mtambo mkubwa wa kulipia kila siku ninaupendekeza kwa moyo wote, ila uulize bei ya taslimu na utoe tofauti kabla ya kutia sahihi. Ukiwa mkulima unayesubiri mavuno, usiuchukue. Tafuta mkopo wa msimu au taa ndogo kupitia chama.

Mtambo wa mama bado unafanya kazi, ni wake sasa, hakuna wa kuufunga. Anawasha balbu moja tu, ile ya mlangoni, na ile taa ndogo ya chama anaiweka kando ya kitanda. Zile balbu tatu nyingine aliniomba nizitoe. Moja tumeifunga kwenye zizi la mbuzi, na mbili zinasubiri nyumba ya mjukuu mkubwa atakapojenga.