Kamusi ya mtumba, na neno "set" lililonitoa jasho

Mimi nina saluni, si shule, kwa hiyo mnisamehe nikikagua kitabu kwa macho ya mtu wa rola na draya. Kamusi hii ya Kiingereza nimeipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Alianzia 18,000, tukamalizana 12,000. Jalada gumu, lina doa la chai, na aliyekuwa nayo kwanza kapiga mistari ya penseli kila alipokwama.

Sababu ni binti yangu. Yuko kidato cha pili, hesabu wamefika kwenye seti, akaniuliza, "Mama, ndiyo hiyo unayowafanyia wateja?" Nikacheka, ila jibu sikuwa nalo. Ninachojua ni kupaka losheni, kuzungusha rola na kumweka mteja chini ya draya mpaka nywele zishike umbo.

Usiku tukafungua "set". Karibu kurasa mbili! Jua likichwa, "set". Zege likishika, "set". Mganga akiunga mfupa, mwindaji akitega mtego, sonara akipachika kito kwenye pete, zote hizo. Hata kuandika meza, ambako binti alidhani natania mpaka akampigia bibi yake Tanga. Sisi kila kazi ina kitenzi chake, wenzetu wamelibebesha neno moja kama punda wa Lamu. Nikasoma kwenye simu kwamba kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, ililipa maana 430. Yangu nimehesabu 31, zinanitosha.

Nilichopenda ni kwamba kila maana ina sentensi nzima ya mfano. Nywele wamezisukuma karibu na mwisho, hilo limeniuma kidogo. Na "set off" wameibana kwenye maandishi ya sisimizi: kuanza safari, papo hapo kulipua. Binti akatunga sentensi kwamba basi la Moshi limefanya hivyo saa kumi na mbili asubuhi, mdogo wake akauliza waliopona wangapi.

Nyota nne. Ya tano imekwenda na kurasa zilizochanika, kuanzia "tail" hadi "tank", maana yake "take" yote haipo. Nilimrudia muuzaji. Akaitazama, akaifunga, akasema, "Dada, hilo neno nani asiyelijua?"