HackRF ya dukani mtandaoni na boti iliyosafiri ikiwa mezani

Kazi yangu ni kufunga traka, vile vifaa vya GPS vinavyoonyesha chombo kiko wapi, kwenye boti na injini hapa Mwanza. Zamani nilikuwa nazijaribu kwa kwenda nazo majini. Kuna siku tumekaribia kabisa Ukerewe ndipo nagundua ujumbe wa "imevuka mpaka", ule ambao traka inautuma kwenye simu boti ikitoka nje ya eneo nililoiwekea, hauji. Tukarudi, nikarekebisha, tukaenda tena, na petroli yote mfukoni kwangu. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta namna ya kuidanganya traka kwamba iko ziwani, kumbe ipo mezani kwangu Mirongo.

Nikaagiza HackRF One, au niseme nakala yake, maana muuzaji alipiga picha moja akatuma nyingine. Ni redio inayoongozwa na programu, kuanzia MHz 1 hadi GHz 6, na kompyuta ndiyo inayoiambia iwe nini leo. Programu ninayotumia inaitwa gps-sdr-sim, haina malipo. Unaipa faili la siku lenye mizunguko ya setilaiti za GPS, unaipa mahali au njia ya kupita, nayo inakuandikia mawimbi ya kurusha kwenye MHz 1575.42. Dakika 5 zinakula takriban GB 1.5 za diski, kwa hiyo laptopu iliyojaa muvi isahau.

Wiki nzima ya kwanza traka haikuona setilaiti hata moja. Nilibadilisha waya, nikabadilisha traka, nikamlaumu TANESCO bila kosa. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye saa ya ndani ya redio. Kristali ya kawaida ikikosea sehemu 20 kwa milioni, kwenye masafa haya ni kama kHz 31, na traka haitafuti mbali kiasi hicho. Nikaongeza kibao kidogo cha saa isiyoyumba na joto, cha sehemu 0.5 kwa milioni. Kesho yake asubuhi traka ikakamata setilaiti 9. Ukinunua, nunua na hicho kibao siku hiyo hiyo, usijifanye mjanja kama mimi.

Jambo moja sibishani na mtu: hewani usirushe. Mawimbi halisi yanatoka kilomita 20,200 juu na yanafika yamechoka kabisa, kwa hiyo hata kiredio cha mezani kinaweza kuyafunika. Uwanja wa ndege wetu uko hapo Ilemela, na ni kosa kisheria pia. Mimi napitisha kwenye waya tu, katikati nimeweka vipunguza nguvu viwili vya dB 30, pamoja na kizuizi cha umeme, kwa sababu traka hupeleka umeme kidogo kwenye tundu la antena na unaweza kuiua redio.

Njia ya kusafiria niliirekodi kwa simu nikiwa kwenye boti, sekunde moja nukta moja. Programu inataka nukta 10 kwa sekunde, ikabidi nizijazie za katikati. Halafu ina kikomo cha sekunde 300 kwa safari inayotembea. Ukitaka zaidi unaijenga upya kwa kuongeza namba hiyo. Simu za kisasa ni wabishi kudanganyika, zinasikiliza setilaiti za mataifa mengine na kunusa Wi-Fi ya jirani, sikuhangaika nazo.

Siku ya jaribio la kwanza la kweli nikaitoa boti Kirumba, ikapita mbele ya Jiwe la Bismarck, ikavuka mpaka dakika ya 4. Nikashangilia peke yangu. Simu yangu haikulia, nikadhani imefeli tena. Baada ya muda kidogo anapiga mzee mwenye boti, anahema:

"Fundi! Boti yangu inaibiwa, na mimi nimeikalia hapa mwaloni!"

Nilikuwa nimesahau kuondoa namba yake kwenye traka.