Chini ya Sinki: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Dukani

Maji yalirudi saa tano usiku. Anayeishi Dodoma anaujua mlio ule: bomba linakohoa, linatema hewa, halafu maji yanakuja kwa kishindo. Usiku ule yalikuja na kishindo hadi kiungio cha chini ya sinki kikaachia. Pale chini nilikuwa na rafu nzuri ya mbao, imekazwa skrubu pande zote mbili, imejaa vitu hadi juu, na koki ya kufungia iko nyuma yake. Ikabidi nitoke nje nikafunge kwenye mita, simu nimeibana kwa meno inimulikie. Asubuhi fundi bomba alipofika, neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, hii rafu itoke kwanza." Alihangaika na rafu kuliko alivyohangaika na bomba, na hela ya muda huo nililipa mimi.

Tangu hapo kila kitu cha kuweka chini ya sinki nakiuliza swali moja: siku maji yakimwagika, kinatoka upesi kiasi gani? Bei inafuata. Uzuri unakuja nyuma kabisa. Mpangilio ulioko hapa chini umefuata swali hilo, na karibu vyote nimeishi navyo katika nyumba tatu za kupanga: Nkuhungu, Ilazo na sasa Kisasa.

Kwanza pima, na usipime kabati. Pima mlango ukiwa wazi. Kabati langu la sasa lina upana wa sentimita 80 kwa ndani, lakini katikati kuna nguzo ya kugawanya milango miwili, na bawaba nazo zinachukua nafasi yao. Kitu chenye upana wa zaidi ya sentimita 33 hakiingii hata ukiinamisha. Nilijua hilo baada ya kurudi dukani na kontena mkononi. Ukishapima mlango, pima kimo mara mbili: kutoka sakafu ya kabati hadi chini ya bakuli la sinki, kisha kutoka sakafu hadi sehemu ya chini kabisa ya lile bomba lililojikunja. Namba ya pili ndiyo itakayoamua mengi. Ziandike kwenye simu, maana ukifika soko la Majengo katikati ya zogo la wauzaji hutazikumbuka.

Halafu piga magoti umulike viungio. Maji yetu ya visima vya Mzakwe yana chumvi, na hapo chumvi inatusaidia: tone linalovuja polepole hukauka na kuacha ukoko mweupe kwenye kiungio, kama ule wa ndani ya birika. Ukiuona ukoko huo, mwite fundi kabla hujanunua chochote. Palipo pakavu, zungushia tishu kila kiungio, fungulia maji dakika chache, kisha ikague tishu. Na tundu linalopitisha bomba ukutani lizibe kwa stilwaya. Panya hapendi kuitafuna, na inagharimu chini ya soda.

Sasa manunuzi.

Namba moja kwangu ni matenga ya plastiki ya mstatili, yenye mikono na matundu. Najua si jibu la kupendeza. Lakini tenga la mstatili linatumia kona zote, wakati beseni la duara linakuachia pembe nne za kufugia mende. Matundu yanakuonyesha kilichomo na yanapitisha hewa, hivyo kitambaa kibichi hakinuki. Na siku ya maji kumwagika unashika mikono miwili, unavuta, basi. Mimi ninayo matatu: moja la sabuni za vyombo, madodoki na stilwaya, moja la jiki, la tatu, ambalo linajaa kila wiki, la mifuko mbadala. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, nyumba ya Mtanzania haikosi rundo la mifuko hii, na nikiliacha bila mipaka linameza kabati lote. Kwa matenga yangu nililipa 4,500 kila moja baada ya kubishana kidogo. Ukiwa dukani shika ukingo uubonyeze kwa kidole gumba. Plastiki inayopauka ukiibonyeza itapasuka kabla mwaka haujaisha, na jua la Dodoma likiipata pale unapoianika ndiyo kabisa.

Kuna kosa moja la matenga: hayapandi juu. Chini ya bakuli kunabaki hewa tupu, na ndipo namba mbili inapoingia: rafu ya chuma ya kurefushwa. Ina ngazi mbili, unaivuta kama kitanda cha kukunja hadi ifike upana wako, na sakafu ya kila ngazi ni vipande vidogovidogo. Unaacha kipande kimoja au viwili pale bomba linaposhuka. Kwa kabati lenye mlango mpana ni kitu kizuri kweli. Sikuipa namba moja kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuitoa lazima kwanza uipakue. Ya pili ni jiki. Mvuke wa jiki unaotoka kwenye kifuniko kilichofungwa vibaya unakula chuma chembamba, na ile rangi ya kung'aa juu yake haisaidii. Yangu ilianza kutu miguuni ndani ya mwaka mmoja. Ukiinunua, chagua iliyopakwa rangi ya unga nene, ukwaruze kwa ukucha mahali pasipoonekana, na jiki iweke kwenye kitu cha plastiki chini kabisa.

Namba tatu itawashangaza wanaonunua kila kitu kupitia simu: fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako. Jikoni kwetu kwingi hakuna kabati. Kuna zege, sinki juu yake, na pazia la maua mbele. Sakafu pale ni saruji na ina unyevu, kwa hiyo matenga yakikaa chini moja kwa moja yanashika uchafu kila unapodeki. Mwambie fundi akutengenezee stendi ya nondo nyembamba au flati, kimo cha sentimita 15, bila mgongo, miguu iwe na vipande vya mpira wa tairi. Juu unapanga matenga, chini ufagio na dekio vinapita. Vipimo unavitoa wewe, na bomba likiwa mahali pa ajabu anaacha uwazi palepale. Simamia rangi ya kuzuia kutu ipakwe mara mbili, hata kwenye viungo vya chini, maana hapo ndipo wengi wanaporuka. Mwenye pazia aichukulie hii kuwa namba moja na matenga yawe ya pili.

Droo za waya za kuvuta nimezipa namba nne, na najua kuna watakaonuna. Ni tamu. Unavuta, vitu vya nyuma vinakuja mbele, hupigi magoti. Ila zinakazwa kwenye sakafu ya kabati, na makabati mengi ya kupanga yana sakafu ya mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi. Mbao hizo zikinywa maji zinavimba, skrubu inaachia, na reli inakwenda upande. Nyumba ni yako na kabati ni la mninga au plaiwudi nene? Nunua, tena uwe na raha. Unapanga? Muulize kwanza mama mwenye nyumba kuhusu matundu ya skrubu, na ujue siku ya kuhama droo zitabaki na matundu yatakatwa kwenye amana yako.

Vilivyobaki havihitaji maneno mengi. Fimbo ya kubana, ile ya pazia la bafuni, watu huining'inizia chupa za kupulizia kwa shingo. Sisi wengi sabuni ya maji tunainunua kwenye dumu la lita tano, utaning'iniza nini? Kwangu inakausha vitambaa, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nayo. Sahani ya kuzunguka inagonga bomba. Vikapu vya mlangoni vinafaa kwa vitu vyepesi tu. Ukiweka chupa tatu za lita moja, bawaba zinalegea na mlango unaanza kukwaruza sakafu.

Rafu ya mbao iliyopigwa skrubu iko namba ya mwisho. Sababu mnaijua.

Kabla ya kutoka kwenda sokoni, ondoa kwanza hesabuni vile visivyopaswa kukaa pale, usije ukavinunulia nafasi bure. Dumu la maji ya akiba la lita 20 ni kilo 20 likijaa. Kwenye makabati niliyoishi nayo halikupita chini ya bomba na lililegeza sakafu, hivyo sasa natumia madumu mawili ya lita 10, na kwenye vipimo nimeyatengea upande wa kushoto. Unga, mchele na vitunguu visikae pale hata siku moja, unyevu utavimaliza.

Mtungi wa gesi ndio unaonikosesha usingizi nikiingia jikoni kwa watu. Wengi wameuficha chini ya sinki, mlango umefungwa, kwa kuwa jiko linapendeza bila mtungi. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani, inatuama chini, na ndani ya kabati lililofungwa inajikusanya bila wewe kusikia harufu hadi ufungue mlango. Mtungi ukae wima, pawe na hewa, mbali na moto.

Dawa nazo zina adabu yake. Jiki na dawa ya choo yenye asidi zisikae tenga moja, hasa vifuniko vikiwa vimelegea. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na kifua kitakueleza. Jiki na dawa yenye amonia nazo zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu. Na kama una mtoto anayetambaa, tenga la dawa halifai kuwa chini ya sinki hata kidogo, lipande juu. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yamewapeleka watoto wengi hospitali. Kitasa kidogo cha sumaku cha mlango wa kabati hakimzuii mtoto wa miaka miwili. Wangu alikifungua siku ya pili, akatoka na dodoki kichwani.